Umehama Windows, Programu Zako Je? Mwongozo Kamili wa Kupata Mbadala

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi zinazofanya kazi vizuri tu zilishakataliwa na Windows 11, ama kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0 ama kwa sababu prosesa yake haimo kwenye orodha. Wenye kompyuta hizo wengi wamegeukia Linux, hasa Linux Mint, Ubuntu na Fedora. Wengine wamehamia Mac. Kusakinisha mfumo mpya siku hizi si kazi ya kutisha, ni flashi moja na subira kidogo. Kinachowarudisha watu walikotoka ni kesho yake asubuhi, pale faili ya kazi inapotakiwa kufunguliwa na programu iliyozoeleka haipo.

Mwongozo huu ni wa hiyo kesho yake asubuhi. Nitazungumzia zaidi safari ya kutoka Windows kwenda Linux, maana ndiko kwenye pengo kubwa, na Mac nitaigusa mwishoni.

Msimamo wangu niuseme mapema: badilisha programu kwanza, mfumo baadaye. Sehemu kubwa ya programu utakazozitumia kwenye Linux zina toleo la Windows pia. LibreOffice, GIMP, Firefox, Thunderbird, VLC, Inkscape, Audacity, OBS Studio, Blender, KeePassXC, zote hizo unaweza kuziweka leo hii kwenye Windows yako hiyohiyo. Zitumie mwezi mmoja au miwili kwa kazi za kweli, na za zamani ziwe bado zipo pembeni. Siku ya kuhama, mikono yako itakuwa imeshazoea. Anayebadilisha vyote kwa mpigo akikwama hajui kama tatizo ni mfumo, ni programu, au ni yeye mwenyewe hajajua kitufe kilipo.

Kama umeshahama na hakuna kurudi nyuma, hatua ni zilezile, ila orodha ya kwanza utaiandika kwa kumbukumbu.

Hatua ya 1: Andika kazi unazofanya, usiandike majina ya programu

Kwenye Windows fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) kisha andika:

`winget list > orodha.txt`

Utapata faili yenye kila kilichosakinishwa kwenye kompyuta. Usishtuke kwa urefu wake. Humo kuna madereva, vipande vya Visual C++, na programu zilizokuja na kompyuta ambazo hujawahi kuzifungua. Futa hizo zote. Uendako hazina kazi. Zitabaki pengine kumi au kumi na tano za maana.

Sasa, mbele ya kila moja, andika sentensi moja ya kile unachofanya nayo. "Natumia Photoshop" haitoshi. "Napunguza ukubwa wa picha na kuondoa mandharinyuma" hiyo inatosha, na inaonyesha kwamba kazi yako inafanyika kwa programu ndogo tu au hata ndani ya kivinjari. Mwingine anayetumia Photoshop hiyohiyo anaandaa faili za CMYK (mfumo wa rangi za uchapaji) zenye tabaka arobaini kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji. Hawa wawili wakiuliza "mbadala wa Photoshop ni upi?" watajibiwa neno moja, GIMP, na mmoja wao atakuwa amepotezwa.

Kisha ongeza mambo matatu kwa kila programu: inahifadhi faili za aina gani (.docx, .psd, .dwg, .pst), nani mwingine anazifungua na kuzihariri baada yako, na kama kuna kifaa kinachoitegemea. Hilo la tatu husahaulika sana. Skana ya zamani, mashine ya kukata stika au kidude cha leseni cha kuchomeka kwenye USB vinaweza kukugomea hata kama programu yenyewe ina mbadala mzuri.

Usiache vitu vidogo ambavyo havimo kwenye orodha kwa sababu viko ndani ya mfumo wenyewe: kupiga picha ya skrini, kuhamisha picha kutoka kwenye simu, kuunganisha PDF mbili. Ndivyo utakavyovihitaji mara nyingi zaidi kwa siku. (Kwa picha ya skrini jaribu Flameshot, kwa simu KDE Connect, kwa PDF nitaeleza hapo chini.)

Hatua ya 2: Ondoa zisizohitaji mbadala

Chrome, Firefox na Edge zote zina toleo la Linux. Vivyo hivyo Zoom, Telegram, Discord, Spotify, Steam na VS Code. WhatsApp haina programu rasmi ya Linux, lakini WhatsApp Web inafanya kazi kwenye kivinjari. Teams ilikuwa na programu ya Linux, ikaondolewa mwaka 2022, na sasa hutumika kupitia kivinjari. Google Docs, Canva na Figma hazijali kabisa umekaa kwenye mfumo gani.

Microsoft 365 nayo ipo kwenye kivinjari, na kwa barua na ripoti za kawaida inatosha. Jua tu kwamba Excel ya kwenye kivinjari haiendeshi makro za VBA, yaani amri za kujiendesha zilizoandikwa ndani ya faili. Ukiifungua faili yenye makro utaiona, vitufe utaviona, ila ukivibofya hakitokei kitu.

Ukimaliza hatua hii, kwa mtumiaji wa kawaida nusu ya orodha huwa imeshafutika.

Hatua ya 3: Toa data yako ingali inafunguka

Watu huanza kutafuta programu mpya kabla ya kuitoa data kwenye ile ya zamani, na hapo ndipo penye mtego. Programu inayoweza kufungua faili zako vizuri kuliko zote ni ile uliyo nayo sasa. Itumie kutoa kila kitu kwa muundo ambao programu nyingine zinauelewa.

Anza na barua pepe. Kama akaunti yako iko kwenye Outlook kwa njia ya IMAP, barua ziko kwenye seva. Utaingiza anwani na nenosiri kwenye Thunderbird na zitashuka zenyewe. Kama ni POP, barua za miaka yote ziko ndani ya faili moja ya .pst kwenye diski yako na pengine hazipo kwingine kokote. Fungua Thunderbird kwenye Windows hiyohiyo yenye Outlook, tumia chaguo lake la kuingiza data. Ukiwa umeshafika Linux, kuna kifaa cha terminali kiitwacho readpst kinachoifungua .pst na kuitoa katika muundo wa mbox. Kinafanya kazi, lakini njia ya kwanza ina usumbufu mdogo.

Maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari yanatolewa kama faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu), kisha yanaingizwa kwenye programu ya kutunza maneno ya siri kama KeePassXC au Bitwarden. CSV hiyo haina ulinzi wowote; yeyote akiifungua anasoma kila kitu. Ukishaiingiza, ifute, na uiondoe hata kwenye pipa la taka, na usijitumie kwa barua pepe hata siku moja.

Programu ya hesabu itoe miamala kwa CSV, QIF au OFX, aina ambazo GnuCash inazisoma. Lakini fanya na jambo jingine: ripoti za kila mwaka zichapishe kuwa PDF. Miamala ikihama, majina ya akaunti na mizania havihami vyema kila mara, na siku utakayoulizwa salio la mwaka juzi utataka karatasi inayosema vilevile ilivyosema wakati ule.

Faili za Microsoft Publisher zinahitaji haraka ya pekee, kwa sababu Microsoft imetangaza kuisitisha programu hiyo Oktoba 2026. LibreOffice Draw inafungua .pub, ila mpangilio huyumba. Toa PDF ya kila moja sasa.

Mwisho, kabla ya kufuta chochote: zima leseni za programu zenye kikomo cha idadi ya kompyuta, na kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la diski la Windows), hakikisha ufunguo wake wa dharura umeuandika mahali nje ya kompyuta hiyo.

Hatua ya 4: Namna ya kutafuta

Tafuta kwa aina ya faili na kwa kazi. Ukiandika "mbadala wa CorelDRAW" utapata orodha ndefu ya programu za kuchora. Ukitafuta ni kipi kinachofungua .cdr kwenye Linux, utafika haraka kwenye jibu lenye manufaa: Inkscape na LibreOffice Draw zote zinaisoma, kwa viwango tofauti vya usahihi. Swali la pili linalinda kazi yako ya miaka iliyopita. La kwanza linakusaidia kuanza upya tu.

Tovuti ya AlternativeTo ni mahali pazuri pa kuanzia. Andika jina la programu yako, kisha chuja kwa mfumo na kwa aina ya leseni. Idadi ya waliobofya kuipenda programu usiipe uzito mkubwa. Hupanda kwa umaarufu, na programu iliyokufa inaweza kukaa juu ya orodha kwa miaka. Angalia tarehe ya toleo la mwisho, angalia ukurasa wa mradi wenyewe, angalia kama maswali ya watumiaji yanajibiwa. "Bure" na "chanzo huria" pia si kitu kimoja. Programu ya bure inaweza kuanza kulipiwa mwakani. Ya chanzo huria, hata mwenyewe akichoka, wengine wanaweza kuiendeleza, kama LibreOffice ilivyozaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice.org.

Chagua wagombea wawili, watatu wakizidi. Ukisakinisha nane utazijaribu zote nusunusu na hutaijua hata moja.

Hatua ya 5: Hati na majedwali

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Chaguo kuu ni LibreOffice na OnlyOffice Desktop Editors. LibreOffice ina mambo mengi zaidi, muundo wake wa asili ni ODF (faili za .odt, .ods na kadhalika), na inafungua faili za zamani ambazo hata Word ya leo inazikunjia uso. OnlyOffice imejengwa kuanzia mwanzo juu ya .docx, .xlsx na .pptx, na muonekano wake hautamshangaza aliyetoka kwenye Word. Kanuni yangu ni hii: kama hati zako unaziandika mwenyewe na kuzitoa kama PDF, chukua LibreOffice. Kama hati moja inakwenda na kurudi kwa watu wanaotumia Word, chukua OnlyOffice. Zote mbili zinakaa kwenye kompyuta moja bila ugomvi.

Sasa chukua mfano wa hati ya kurasa 12 iliyoandikwa kwa fonti ya Calibri. Unaifungua kwenye Linux, inakuwa kurasa 14. Jedwali limekatika katikati, na mstari wa sahihi umekwenda kukaa peke yake kwenye ukurasa mtupu. Lawama inaiangukia LibreOffice. Lakini mara nyingi kosa si la programu. Calibri ni fonti ya Microsoft, haiji na Linux, kwa hiyo mfumo umetafuta fonti nyingine iliyo karibu. Ikipatikana yenye herufi pana zaidi, maneno machache yanaingia kwenye kila mstari, mistari inaongezeka, kurasa zinasukumana.

Dawa yake ni Carlito, fonti iliyochorwa ili kila herufi iwe na upana uleule wa herufi ya Calibri. Caladea inafanya hivyo kwa Cambria, na familia ya Liberation kwa Arial, Times New Roman na Courier New. Kwenye Ubuntu, Mint au Debian:

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`

Funga hati, ifungue tena. Kwa kawaida mistari itakatika palepale ilipokuwa ikikatika kwenye Word, na zile kurasa mbili za ziada zitatoweka. Kwa hiyo hati ikivurugika, kabla hujabadilisha programu, angalia fonti.

Majedwali ni habari nyingine. Fomula za kawaida na jedwali egemeo (pivot table) hazina shida. Fomula ya XLOOKUP iliingia LibreOffice Calc kwenye toleo la 24.8, Agosti 2024. Kama faili yako inaitumia na unaona makosa kila seli, tazama kwanza una toleo gani. Power Query na Power Pivot, zana za Excel za kuchakata data nyingi, hazimo. Makro za VBA, LibreOffice inaelewa sehemu yake, na OnlyOffice inatumia JavaScript, maana yake makro zitaandikwa upya. Kwa mtu ambaye siku yake nzima ni Excel yenye makro za kampuni, sitamdanganya: hana mbadala wa kweli, aruke hadi hatua ya 8.

Waandishi wa Kiswahili wajue kwamba LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Kama haikuja na toleo lako la Linux, ipakue kama nyongeza.

Kuhusu PDF, hakuna programu moja ya Linux inayobeba kila kitu cha Acrobat, na si lazima iwepo. Okular inasoma, inaweka alama, na inaweza kutia sahihi ya kidijitali yenye cheti. PDF Arranger inaunganisha, inatenganisha na kugeuza kurasa. Xournal++ inakuruhusu kuandika juu ya fomu kama unaandika kwa kalamu. Kuna fomu za aina moja tu zinazosumbua, zile ambazo ukizifungua unaona ukurasa mmoja wenye ujumbe wa Kiingereza wa kukutaka usubiri, na ukisubiri hakuna kinachokuja. Hizo zimeundwa kwa XFA, teknolojia ya Adobe. Zifungue kwa Firefox, ambayo inazisoma tangu toleo la 93 la mwaka 2021.

Hatua ya 6: Picha, video na michoro

GIMP 3.0, iliyotoka Machi 2025, hatimaye ilileta vichujio unavyoweza kuvirekebisha au kuviondoa baadaye bila kuharibu picha ya chini. Kwa kazi za wavuti na picha za kawaida inatosha na kubaki. Kwa CMYK bado si mahali pake. Krita inaiweza zaidi, ingawa imetengenezwa kwa wachoraji. Ukiwa na PSD moja ya kurekebisha maandishi, usisakinishe chochote: Photopea inaifungua ndani ya kivinjari. Inkscape inachukua kazi za Illustrator, Scribus za InDesign, ila faili za .indd Scribus haizifungui, kwa hiyo machapisho ya zamani yatoe PDF, na IDML (muundo wa InDesign ambao Scribus inausoma) pia kama unaweza.

Waliotoka Lightroom wataelekea Darktable au RawTherapee. Nyota na maneno ya utafutaji yanaweza kuhama kupitia faili za XMP. Marekebisho ya rangi na mwanga kwa sehemu kubwa hayahami. Picha ulizozikamilisha zitoe kama TIFF au JPEG kabla ya kuondoka, na RAW zake (faili asili za kamera) zibaki kama zilivyo.

Kwa video, Kdenlive na Shotcut. DaVinci Resolve ina toleo la Linux, na hapo watu huruka kwa furaha, kisha wanaingiza video ya simu na kuona skrini nyeusi: toleo la bure kwenye Linux halisomi H.264, wala sauti ya AAC. Itakubidi uzibadilishe video muundo kwanza kila mara, au ulipie ili upate H.264. Mimi ningeanza na Kdenlive.

Wa michoro ya kihandisi: FreeCAD ilifikia toleo la 1.0 Novemba 2024 na kwa umbo la pande tatu imekomaa. Kwa michoro bapa kuna LibreCAD na QCAD, lakini zinapenda faili za DXF kuliko DWG, muundo wa AutoCAD. Anayeishi ndani ya DWG na watu wengine atazame BricsCAD, inayolipiwa, yenye toleo la Linux.

Hatua ya 7: Kusakinisha

Mazoea ya Windows ni kutafuta jina kwenye mtandao, kupakua .exe na kubofya "endelea" mpaka mwisho. Yaache huko. Kwenye Linux anza na duka la programu la mfumo wako. Kilichomo kimepitiwa na waandaaji wa toleo lako na kitasasishwa pamoja na mfumo mzima. Ubaya wake ni kwamba toleo linaweza kuwa la mwaka jana.

Ukihitaji toleo jipya, nenda Flathub, duka la mtandaoni la programu za aina ya Flatpak. Kwa mfano:

`flatpak install flathub org.kde.kdenlive`

Angalia alama ya uthibitisho inayoonyesha kwamba anayeipakia programu ni mwenyewe aliyeitengeneza. Linux Mint tangu toleo la 22 inaficha zisizothibitishwa mpaka uruhusu mwenyewe. Ubuntu nayo ina duka lake la programu za aina ya Snap, na humo kumewahi kupenyezwa pochi feki za sarafu za kidijitali, kwa hiyo chochote kinachogusa fedha kichukue kupitia kiungo kilicho kwenye tovuti ya mwenye programu. AppImage ni faili moja inayojitegemea: unaipa ruhusa ya kuendeshwa, unaibofya, ukiichoka unaifuta. Kwa kujaribu ni nzuri sana, ila nyingi hazijisasishi.

Jambo moja la Flatpak litakalokuchanganya: unafungua programu, unatafuta picha kwenye diski ya nje, folda haionekani kabisa. Diski ni nzima. Programu ya Flatpak inaishi ndani ya uzio na huona tu folda ilizoruhusiwa. Sakinisha Flatseal, chagua jina la programu, nenda sehemu ya faili, ongeza njia ya diski yako, kisha fungua programu upya.

Hatua ya 8: Isiyo na mbadala

Daima hubaki moja au mbili. Programu ya mwajiri, ya mitihani ya mtandaoni yenye ulinzi, ya kifaa fulani. Usipoteze wiki ukiilazimishia mbadala. Fuata mpangilio huu.

Kwanza uliza kama ina toleo la kivinjari. Siku hizi mara nyingi lipo, na hakuna aliyekuambia.

Pili jaribu Wine, mradi ulioanza mwaka 1993 unaotafsiri maombi ya programu ya Windows kwenda kwa Linux bila kuhitaji Windows yenyewe. Usianze na terminali. Sakinisha Bottles, inakutengea chumba kwa kila programu ili moja isivuruge nyingine. Kabla ya kujaribu, tafuta jina la programu kwenye hifadhi ya Wine iitwayo AppDB, uone waliokutangulia walifika wapi. Wine hufanya vizuri na programu ndogo za zamani. Hushindwa na zinazotaka dereva lake maalumu, na zile kubwa za malipo ya kila mwezi zinazokagua leseni mara kwa mara. Anayependelea kulipa apate msaada, kuna CrossOver.

Kwa michezo hali imebadilika mno tangu Valve, wenye Steam, watoe Proton mwaka 2018, inayoendesha michezo ya Windows kwenye Linux. Tafuta mchezo wako kwenye tovuti ya ProtonDB. Kikwazo kilichobaki ni mifumo ya kuzuia udanganyifu: Valorant, kwa mfano, haichezeki Linux kwa sababu ya mfumo wake uitwao Vanguard. Hapo hakuna ujanja.

Tatu ni kompyuta pepe, yaani Windows nzima ndani ya dirisha, kwa VirtualBox au GNOME Boxes. Inahitaji leseni ya Windows na RAM ya kutosha. Kompyuta yenye GB 8 itapumua kwa shida, GB 16 ni raha. Hii ndiyo dawa ya mtu wa makro za Excel. Kama uliyoiweka humo ni Windows 10, ikatie intaneti na upitishe faili kwa folda ya pamoja.

Nne, mifumo miwili kwenye kompyuta moja. Ni kwa wale wanaohitaji nguvu zote za kadi ya picha. Ukichagua njia hii, ingia Windows uzime kipengele cha kuwaka haraka (Fast Startup). Kikiwa kimewashwa, Windows haizimiki kikamilifu, inalala, na ukiingia Linux utakuta sehemu ya Windows inasomeka lakini haikubali kuandikwa.

Hatua ya 9: Jaribio la kweli

Usijaribu programu kwa kuifungua na kutazama menyu. Chukua kazi moja ya wiki iliyopita, uirudie kutoka mwanzo hadi mwisho kwa programu mpya. Tumia faili mbaya kuliko zote ulizonazo: yenye majedwali ndani ya majedwali, picha zilizozungukwa na maandishi, alama za marekebisho za watu watatu. Kisha mtumie mwenzako anayetumia programu ya zamani, airekebishe, airudishe. Ikienda na kurudi salama, umepata. Ikiharibika, andika ni nini hasa kimeharibika. Mara nyingi ni kitu kimoja chenye suluhisho, kama ile fonti.

Utakuwa mzito siku za mwanzo. Mikato ya kibodi ikikusumbua, programu nyingi zinakuruhusu kuibadilisha ifanane na uliyoizoea. Vifurushi vya kuifanya GIMP ifanane na Photoshop vipo pia. Sivipendi sana, kwa sababu maelezo yote ya msaada utakayoyasoma yanaonyesha GIMP yenyewe, na vitufe vyako viko kwingine.

Kwa wa Mac

Ukiingia Mac, Homebrew, zana ya kusakinisha programu kwa terminali, itakurahisishia: `brew install --cask libreoffice` na mengine kama hayo. Mac inasoma diski za NTFS (muundo wa Windows) lakini haiandiki humo, kwa hiyo diski ya kubebea faili ifomati kwa exFAT. Kwenye Mac zenye chipu za Apple hakuna tena Boot Camp, ile njia ya kuweka Windows moja kwa moja kwenye Mac. Windows utaiendesha ndani ya kompyuta pepe, na itakuwa Windows ya ARM.

Ukitoka Mac, toa faili zako za Pages, Numbers na Keynote kwenda .docx, .xlsx na .pptx kabla. Ukisahau chache, ingia iCloud kwa kivinjari, programu hizo zipo humo na zinafungua faili kwenye mfumo wowote.

Usifute diski ya zamani mapema

Iweke kando, au tengeneza nakala yake kamili, mpaka mzunguko mmoja mzima wa kazi zako upite. Kuna programu hutumika mara moja kwa mwaka, ya kufunga hesabu au ya kutengeneza vyeti, na haikuingia kwenye orodha yako ya hatua ya kwanza kwa sababu siku ulipoandika ulikuwa huihitaji.